Nyimbo za Kuliza katika Pwani ya Waswahili

Lugha ya Kiswahili ina kitenzi kimoja kwa machozi na kwa muziki. Mtoto hulia, mfiwa hulia, na vivyo hivyo ngoma hulia, zumari hulia na udi hulia. Na mpigaji wa chombo husemwa kuwa anakiliza, kama vile habari mbaya inavyomliza mtu. Neno kilio nalo ni sauti ya mwenye kulia, tena ni msiba wenyewe, hata watu husema wanakwenda kilioni wakiwa na maana ya kwenda kwa waliofiwa. Mgeni wa lugha hii angeweza basi kudhani kwamba nyumba ya msiba ndiyo nyumba ya wimbo, na kwamba mwenye kutafuta nyimbo za huzuni za pwani atazikuta hapo, penye jeneza na mikeka. Mambo hayakuwa hivyo. Katika miji ya Kiislamu, tangu Pate na Lamu hata Mombasa, Pangani na Unguja, nyumba ya msiba ilikuwa mahali pa Kurani na dua. Udi haukupigwa, wala fidla haikusikika. Nyimbo zilizowaliza watu ziliimbwa mahali pengine, na ziliingia kwa jina jingine: kwa jina la mawaidha, la kisa cha kale, au la habari za mjini.

Sababu yake imo katika sheria. Wanazuoni walitenga machozi na mayowe. Yasimuliwa katika hadithi kwamba Mtume Muhammad alipofiwa na mwanawe mdogo, Ibrahim, alitokwa na machozi. Na mmoja wa masahaba alipostaajabu, Mtume alimweleza kuwa jicho kulia na moyo kuhuzunika hakuna ubaya, maadamu ulimi hautamki neno lisilomridhi Mwenyezi Mungu. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa makelele, kujipiga mashavu na kurarua nguo. Kwa hukumu hiyo macho yalipewa ruhusa, sauti ikafungwa. Hata hivyo sauti haikufungika kabisa. Lugha yenyewe imehifadhi neno mbolezi, yaani wimbo wa kumlilia maiti, na neno halidumu katika lugha pasipo na kitu chake. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alieleza kwa kirefu mambo ya kifo na matanga, na msomaji wake huona jinsi sheria na mila zilivyokaa nyumba moja bila ya kupatana sana. Walakini mbolezi zilikuwa kazi ya wanawake, nao walioshika kalamu walikuwa aghalabu wanaume wa chuoni, ambao wasingeandika kwa mkono wao jambo waliloliona kuwa makosa. Kwa hiyo nyingi katika mbolezi hizo zilizikwa pamoja na walioliliwa. Hasara hii huzungumzwa kwa nadra katika historia ya ushairi wa Kiswahili, ingawa ni kubwa kuliko hasara ya hati nyingi zilizoliwa na mchwa.

Kilichobakia katika maandishi ni huzuni iliyokwisha kuvaa kanzu ya elimu. Mfano mkubwa kupita yote ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, sharifu wa Pate, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19. Pate ilikuwa imepata kuwa mji wenye nguvu na utajiri katika visiwa vya Lamu. Fitina za nyumba ya kifalme, ugomvi na majirani na kudhoofika kwa biashara viliuangusha polepole. Na katika vita vya Shela, mwaka 1812 au 1813 hivi, Wapate pamoja na Wamazrui wa Mombasa walishindwa na watu wa Lamu, wala hawakuinuka tena kama zamani. Mtunzi aliyaona magofu kabla ya watu kuzoea kuyaita magofu.

Utungo wake ni wa mawaidha. Beti zake ni za vipande vinne, kila kipande mizani kumi, na kina cha mwisho wa ubeti hakibadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Mtunzi hamwonyi jirani yake wala mtawala. Ausemeza moyo wake mwenyewe, auuliza kwa nini wahadaika na dunia, kisha auchukua kwa mkono, kana kwamba ni mtoto mkaidi, na kuutembeza ndani ya nyumba zilizoachwa. Hapo ndipo sauti ya msomaji inapobadilika. Kila aliyepata kuziona nyumba za mawe za visiwa vile ajua zidaka zake, vile vijishubaka vilivyojengwa kwa safu katika kuta za ndani na kutiwa nakshi za chokaa, ambamo wenye nyumba walipanga vyombo vya kaure vilivyotoka Uchina. Mtunzi aonyesha kwamba palipokuwa na sahani sasa pamelala makinda ya ndege. Kwamba popo wamefanya makao, mende wavuma vyumbani, na nyenje walia mahali ambapo zamani palikuwa na kelele za watu. Neno zito la huzuni ni haba katika sehemu hiyo. Yaliyomo ni vitu: taa, sahani, mlango, ukuta. Mtu asiyejali mawaidha ya akhera aweza kuisikiliza sehemu ya moto wa Jahanamu kwa macho makavu, kisha akashindwa na kidaka kimoja chenye kinda la ndege, kwa kuwa kidaka cha namna hiyo kilikuwako nyumbani kwa bibi yake.

Kisha mtunzi auliza wako wapi waliokuwa wakitembea humo, akiwataja kwa majina. Katika orodha hiyo limo jina la Ali bin Nasiri. Msikilizaji wa mbali hulipita jina hilo kama majina mengine. Lakini mtunzi mwenyewe huitwa Abdallah bin Ali bin Nasir, na nasaba hiyo yatosha kueleza kilichotokea. Mwana ameingia katika utungo wa dini kuuliza aliko baba, akaliweka jina katikati ya majina ya wakubwa wa mji, asiseme kwamba ni babaye, akaendelea mbele. Hakuna mayowe, wala hakuna neno lisilomridhi Mungu. Mwanachuoni mkali kuliko wote asingepata la kulishutumu, na aliyefiwa na baba hapati pa kujificha.

Utungo huu ulienea kwa nakala za mkono katika hati za Kiarabu, na nyingine zilinakiliwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mwandishi hodari aliyekuwa pia mtunzi, mchonga mbao na mpigaji wa muziki. W. E. Taylor aliutia katika kitabu cha Stigand cha mwaka 1915, na William Hichens akauchapisha London mwaka 1939. Tangu hapo wengi wameusoma kimyakimya, nao ni usomaji usio wa asili yake. Tungo za namna hii zilighaniwa, na sauti ya kughani huvuta irabu za mwisho wa kipande. Kina kilekile kikirudi na kurudi mwishoni mwa kila ubeti huwa kama mtu anayetikisa kichwa. Wachambuzi waliohesabu mizani bila ya kusikia sauti wameuona utungo huu kuwa mzuri, na ni kweli. Lakini uzuri peke yake haueleza machozi.

Mwana Kupona binti Msham, aliyeandika utenzi wake mwaka 1858, hana haja ya maneno mengi hapa, maana wosia wake kwa binti yake wajulikana na wote. Yafaa tu kukumbusha kwamba aliyeutunga alikuwa mgonjwa, na kwamba hakuishi muda mrefu baada yake. Wanaousoma leo kwa kuchambua hali ya mke na mume, wakakubali au wakakasirika, husahau mara nyingine kwamba wasichana walioufundishwa waliusikia kwanza kama sauti ya mama anayeaga. Huzuni yake imo katika jambo la kawaida kabisa: mama akimwita binti aje karibu na wino na karatasi.

Mlango wa pili uliokuwa wazi ulikuwa ni kisa. Hemedi bin Abdallah el Buhry wa upande wa Tanga, ambaye aliandika pia utenzi wa vita vya Wajerumani katika Mrima, alitunga utenzi wa Sayyidna Huseni bin Ali, uliochapishwa mwaka 1965. Huseni aliuawa Karbala mwaka 680, na kisa chake ni cha kilio kwa Waislamu wa Kishia, ambao humwomboleza kila Muharamu. Hemedi alikuwa Msunni, nao Wasunni wa pwani hawana matanga hayo. Hata hivyo utenzi ulitungwa na ukasikilizwa, maana kusimulia si kuomboleza, na mwenye kusimulia habari za wajukuu wa Mtume hawezi kukatazwa. Kisa chenyewe chafanya kazi iliyobaki. Watu wana kiu, na mto Furati uko karibu nao, maji yaonekana. Kwa watu wa pwani, waliojua safari ya jahazi iliyoishiwa maji ya kunywa katikati ya maji ya bahari, jambo hilo halikuhitaji kufasiriwa.

Hapa yapasa kusema neno juu ya wimbo mwingine, kwa sababu hutajwa kila mara panapotajwa huzuni ya pwani. Jina la mji wa Bagamoyo huelezwa kwa wageni kuwa ni kilio cha watumwa waliobwaga mioyo yao walipoiona bahari, na mara nyingine hufuatishwa na habari za wimbo wa kale. Wimbo wa Bagamoyo uliohifadhiwa katika maandishi ya wakati wa Wajerumani ni wa wapagazi, nao ni wa furaha: watu wametembea miezi kutoka Unyamwezi wakiwa na pembe mabegani, wamefika, watatua mizigo, wataonja raha za mji. Biashara ya watumwa ilikuwa kweli, na mateso yake hayapimiki. Lakini yeye anayewanyang'anya wapagazi furaha yao ili awape watumwa wimbo, huwadhulumu wote wawili. Sauti za watumwa wengi hazikuandikwa na mtu. Utupu huo ni jambo la kuhuzunisha kuliko wimbo wowote unaobuniwa ili kuujaza.

Mmoja aliyetoka katika kizazi kilichofuata utumwa alipata sauti, na habari zake zataka nafasi zaidi. Alizaliwa Fumba, kusini ya mji wa Unguja, kiasi cha mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa na asili ya bara. Alipokuwa msichana, hali ya utumwa ilikuwa bado yatambuliwa na sheria za Unguja. Ilifutwa mwaka 1897. Alifinyanga na kuuza vyungu, na mwaka 1911 akahamia mjini, ambako alijifunza kuimba na kupewa jina ambalo dunia imemjua nalo, Siti binti Saad. Shaaban Robert, aliyemwona katika siku zake za mwisho, aliandika wasifu wake, nao ulitoka mwaka 1958.

Taarabu aliyoikuta mjini ilikuwa muziki wa jumba la kifalme. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye anayehesabiwa kuileta kutoka Misri, na Muhammad bin Ibrahim alipelekwa huko kujifunza. Chama cha Ikhwani Safaa kiliundwa mwaka 1905. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, hata wasikilizaji wengi walisikia uchungu wa sauti bila ya kujua maneno yasema nini. Jambo hili lisidharauliwe. Muziki wa Kiarabu una njia zake za sauti, na njia iitwayo Saba huhesabiwa na wenyewe kuwa ya majonzi. Mtu aweza kulizwa nayo asijue alia nini. Siti na wenzake, akina Subeti Ambari, Mbaruku Talsam, Buda bin Swedi na Shaabani Umbaya, walizichukua njia hizo wakazitia Kiswahili. Tangu hapo msikilizaji wa Ng'ambo, mchukuzi au mfua nguo, alijua alia nini.

Mwaka 1928 Siti alisafiri kwa meli hadi Bombay kutia sauti katika sahani za santuri za His Master's Voice. Sahani zile zilibeba dakika tatu hivi kwa kila upande, na kipimo hicho kilibana maneno kuliko kanuni yoyote ya ushairi. Miongoni mwa nyimbo zake zilizodumu katika vinywa vya watu umo uitwao Kijiti.

Kijiti ni jina la mtu. Wimbo wasimulia kwamba mwanamke mgeni alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam, akafikia kwa wanawake wenyeji, wakatoka usiku kwenda kujifurahisha. Kijiti akamchukua mgeni yule, naye alikuwa mja mzito, akaenda naye maguguni akamwua. Kisha mwuaji akavuka bahari kwenda bara. Shauri lilipofika mahakamani, kwa mujibu wa wimbo, mkono wa sheria uliwafikia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, ukamkosa aliyeua. Unguja wakati huo ilikuwa na Sultani wake, lakini chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, na mashauri ya namna hiyo yalisikizwa na mahakimu wa Kiingereza. Wimbo haumtukani hakimu. Wasema tu kilichoonekana.

Inafaa kuangalia jinsi ulivyofunguliwa. Ubeti wa kwanza wawaita watu watazame, kama mtoto awaitavyo wenzake njiani, na katika kueleza namna mgeni alivyochukuliwa watumia neno foliti, ambalo ni jina la mchezo wa watoto wa kukimbizana. Vina vyake ni vyepesi, mwendo wake wa kuchezeka. Mwimbaji hasemi kwamba ana huzuni, wala hawaombi watu wahuzunike. Hata neno la kumsikitikia marehemu lachelewa. Mwenye kusikiliza hucheka karibu na nusu ya ubeti, kisha maiti hurudishwa mbele yake. Ufundi huu ni uleule wa kidaka na kinda la ndege, ingawa sharifu wa Pate na mfinyanzi wa Fumba wasingeketi barazani pamoja. Yeye alificha msiba wake ndani ya mawaidha; Siti aliutia msiba wa mwanamke asiye na watu mjini ndani ya mchezo.

Lakini kuna tofauti moja kubwa. Machozi ya Inkishafi hayana wa kumdai. Nyumba zimeanguka kwa amri ya Mungu na kwa ghururi za wanadamu, na anayelia hujililia. Machozi ya Kijiti yana deni ndani yake. Mtu ameuawa, mwuaji ajulikana, ameondoka kwa chombo kama abiria, na walioulizwa ni wengine. Waliosikiliza katika nyumba za Ng'ambo walikuwa wengi wao watu wasio na uzito mahakamani, na wanawake hasa. Wakati wa utoto wao au wa mama zao, mwanamke wa namna ile aliweza kuuzwa. Wimbo ulikuwa mahali ambapo shauri lilisikizwa upya, mara nyingi kadiri sahani ilivyopigwa, na jina la mshitakiwa likatajwa kila mara. Wengine husema kwamba nyimbo za Siti zilikuwa gazeti la wasiosoma. Ni kweli kwa kiasi, ila gazeti la jana hufungiwa samaki, na Kijiti bado hajasahauliwa.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Nyimbo zake zilipokewa na wengine, akiwamo Bi Kidude binti Baraka, aliyefariki mwaka 2013, na mwaka 2020 kitukuu wake, Siti Muharam, alitoa sahani ya nyimbo za mzee wake huyo. Katika muda wote huo taarabu ilibaki kuwa muziki wa arusi kuliko wa shughuli nyingine yoyote. Msikilizaji aliyeguswa na maneno huinuka, huenda mpaka mbele, humtunza mwimbaji kwa fedha, na hurudi kitini pake. Hakuna amwulizaye limemgusa neno gani. Kwa hiyo wimbo wa mwanamke aliyeuawa maguguni uliweza kuimbwa mbele ya wanawake waliopambwa kwa asumini, katika nyumba yenye bibi arusi, siku mbili tatu baada ya baadhi yao kutoka kilioni walikokaa kimya. Mama anayetokwa na machozi arusini hashutumiwi na sheikh wala na jirani. Huambiwa kwamba analia kwa kuwa binti anaondoka.